Kigoda Kisichokaliwa

Katumba, Mpanda
8 Novemba 1994

Arcade,

Wewe mtoto huna adabu, na aliyekufundisha kuandika alipoteza chaki yake bure. Salamu zitakuja, lakini leo zitangoja nyuma kama mgeni aliyefika na miguu ya tope.

Jumapili baada ya ibada, Telesphor, huyu mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alisimama na spika yake ya betri akatangaza kwamba kimefika kijitabu kutoka Tabora. Karatasi za pinki, zimebanwa pini mbili. Akagawa kama anagawa peremende. Mimi sikuomba mtu anisomee. Nilihudhuria kisomo cha watu wazima na cheti ninacho. Nimekisoma mwenyewe kwa kidole, siku nne, na kila siku kidole kilikuwa kinapata moto.

Kinaitwa Onyo kwa Mabubu wa Katumba. Mabubu ni sisi: mimi, Marsela, na wazee wengine kumi na mmoja. Tunakaa kimya Jumapili asubuhi kwenye nyumba ya nyasi, tunamngoja Mungu aseme kabla sisi hatujasema, kama watu wa Kanisa la Marafiki walivyofanya tangu zamani. Na kijitabu kinasema hivi: "Mungu amewapa ulimi, nao wameukalia. Karibu na mlango wanaweka kigoda, wala hakuna anayekikalia. Wanamwekea nani kama si mzimu? Na kama si mzimu bali ni mtu, kwa nini hawamwiti?"

Mwandishi amejiita Mpenda Kweli. Anapenda kweli halafu anaficha jina! Arcade, ni wewe. Nimejuaje, sikuambii. Nataka useme mwenyewe.

Sasa sikia yaliyoletwa na hizo karatasi zako. Telesphor anasema kamati itatujadili. Wakiona kijitabu kimesema kweli, majina yetu kumi na matatu yanafutwa kwenye daftari la washirika, nyumba ya nyasi inakuwa ya kwaya kufanyia mazoezi, na tukifa tutazikwa kama kuku. Mimi nina miaka sabini na moja. Nataka kuzikwa na watu wangu, siyo na kijitabu.

Haya, salamu. Mimi mzima, goti tu. Joséline dada yako amejifungua mtoto wa kike, ana kichwa chako, maskini. Mahindi bado hatujapanda, mvua inanguruma upande wa Kasokola halafu inarudi kulala. Baba yako mdogo Ponsian anapeleka asali Tabora kwa treni ya Ijumaa na barua hii anayo yeye. Amejaribu kunipa wino mwekundu nikamwambia hapana, atadhani namsahihisha. Kumbe ndiyo nakusahihisha.

Jibu.
Bibi yako, Vénérande


Tabora
27 Novemba 1994

Nyogokuru mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na goti limepoa. Mimi huku sijambo. Hongera kwa mtoto wa Joséline. Naomba mumpe jina zuri, siyo la shangazi yule mchoyo. Asali nimeipokea, chupa mbili. Baba mdogo alisema zilikuwa tatu, lakini treni ilichelewa sana Kaliua na yeye alikuwa na njaa.

Masomo ya chuo cha Biblia yanaendelea. Asubuhi tunasoma, mchana nafanya kazi chumba cha uchapaji ili nipunguziwe ada. Nakata stensili kwa taipureta, nazungusha mashine, wino unanipaka mpaka masikioni. Jioni vumbi la Tabora linakuwa na rangi ya dhahabu, na nikikaa dirishani naona kama barabara yenyewe inapaa taratibu.

Kuhusu kijitabu hicho, nimekisikia. Hapa wanafunzi tuko themanini na wengi wanaandika. Wapo wanaotoka Mishamo, wapo wa Kigoma, na mambo ya Katumba yanajulikana. Mimi nisingependa wazee wangu wasumbuliwe. Lakini Nyogokuru, usikasirike, je, hakuna hata neno moja la kweli humo? Vijana wanataka kusikia Injili. Wakiingia nyumba ya nyasi wanaona watu wamefumba macho wanasikiliza nzi.

Kibali changu cha kukaa nje ya makazi ya wakimbizi kinaisha mwezi wa sita. Labda nitakuja wakati huo.

Mjukuu wako mtiifu,
Arcade


Katumba
15 Januari 1995

Mjukuu mtiifu,

Barua yako ilikaa njiani mpaka Krismasi ikapita. Mvua ilibeba tuta la reli na treni ikalala wiki tatu. Nilikuwa naisikia kichwani, inapiga honi ndani ya maji. Salamu nimezipokea. Mtoto anaitwa Prisila. Marsela meno yamebaki mawili na anajidai kama ana ishirini. Mahindi sasa yamefika kiunoni, usiku nguruwe pori na mchana nyani, nasi katikati kama askari wasio na bunduki.

Sasa wewe. Uliandika "nimekisikia". Wewe unayekata stensili umekisikia! Mpishi naye anasema ugali ameusikia.

Nilisema sikuambii nimejuaje. Nakuambia. Ukurasa wa tano: "kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja umefungwa waya wa breki ya baiskeli." Ukiwa na miaka kumi na miwili ulipanda juu ya kigoda kile kuiba asali darini, ukakivunja mguu. Ukaufunga kwa waya wa baiskeli ya Ponsian, na mimi nikashonea kitambaa cha kaniki juu yake ili watu wasione. Baiskeli ilikosa breki, Ponsian akaingia kwenye shamba la tumbaku la watu, wewe ukalia kuliko yeye. Kitambaa kile hakijatoka mpaka leo. Waya tunaujua mimi, wewe, na Mungu. Mungu hana taipureta.

Kwa hiyo usinipotezee stempu.

Uliuliza kama hakuna neno la kweli humo. Lipo moja. Lile la mwisho, la kuita. Silijibu. Ukinibana silijibu vilevile. Ila nilipolisoma nilikaa na kijitabu magotini mpaka Joséline akaniuliza, "Nyogokuru, umelala?" nikasema ndiyo. Sikuwa nimelala. Nilikuwa naona ukungu. Ukungu mweupe juu ya matete, na ndege mmoja mwenye miguu mirefu anatembea juu ya maji kama anahesabu hatua zake. Nauona mara nyingi siku hizi, hata nikipeta maharage. Upepo ukipita kwenye mahindi nasikia matete.

Telesphor amekuja nyumbani. Hakukaa. Amesema, "Bibi, toeni tu hicho kigoda, mambo yaishe." Nikamwambia, "Wewe toa hiyo spika yako, tuone kama Mungu anaanza kukohoa." Akaondoka amekunja uso. Anasema kamati itaandika tarehe.

Sema ulichofanya, Arcade. Siyo kwangu tu.
Bibi yako


Tabora
19 Februari 1995

Nyogokuru mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua. Jina la Prisila ni zuri. Mwambie Marsela namsalimu na meno yake yote mawili. Mimi niliumwa malaria, nimepona, bado nasikia mlio kama wa nyuki ndani ya kichwa.

Nikiwa naumwa walinilaza chumba kilicho karibu na maktaba, na mkutubi akanipa sanduku la vitabu vilivyoachwa na wamisionari, nipange polepole. Nyogokuru, nimekuta jambo. Ni historia ya Marafiki wa kwanza kabisa, kule Uingereza, miaka mia tatu na arobaini iliyopita. Nilikisoma kwa homa, sijui kipi kimeandikwa na kipi niliota.

Walikuwa watu wa mashambani, wachunga kondoo, washona viatu, wanawake wasiosoma sana. Walikusanyika wakakaa kimya kama nyie. Mkubwa akipita hawakuvua kofia, wakisema kofia inavuliwa kwa Mungu tu. Walifungwa kwa hilo. Wanawake wao walisimama wakahubiri, na watu wakawapiga mawe. Na waliwaambia wachungaji kwamba nuru ya Mungu iko ndani ya kila mtu, hata asiyejua kusoma. Wachungaji wakakasirika, wakaandika vijitabu. Marafiki nao wakajibu kwa vijitabu. Huyu anaandika Onyo, yule anaandika Jibu la Onyo, wa kwanza anaandika Jibu la Jibu, na wote wanaapa kwamba ndilo neno la mwisho. Waliitana nyoka, waliitana mbwa mwitu. Vijitabu viliuzwa sokoni kama karanga. Na ajabu ni hii: wale waliokaa kimya ndio walioandika kuliko wengine wote!

Nilipokuwa nasoma niliona karatasi zinaanguka kama theluji, ile theluji tunayoiona kwenye picha, zinafunika mji, na watu wamekaa chini yake hawasemi.

Nyogokuru, sikukuuliza hata siku moja, na nimekulia hapo. Kigoda kile ni cha nani? Nilikibeba kila Jumapili tangu nikiwa na miaka sita. Nilikuwa nakiweka karibu na mlango, na wewe unakisogeza kidogo, kidogo tu, upande wa kushoto. Ni nani anayekaa upande wa kushoto?

Arcade


Katumba
28 Machi 1995

Arcade,

Pole na homa. Kunywa maji yaliyochemshwa, na usisome ukiwa na homa, utaona theluji mpaka Tabora. Sisi tumepata mahindi mabichi, tunachoma. Prisila ameanza kucheka, anamcheka zaidi Ponsian. Tarehe ya kamati imekuja kwa barua yenye muhuri: Jumamosi, 27 Mei. Kigoda kipelekwe kama ushahidi. Kigoda! Kama mwizi wa mbuzi.

Nimewasomea wenzangu habari za hao Marafiki wako wa zamani. Hiyo ya kofia Marsela aliipenda, tangu siku hiyo akimwona Telesphor anajifunga kilemba mara mbili. Wanawake kupigwa mawe hatukushangaa. Lakini mzee mmoja aliuliza, "Waliandikiana miaka mingapi?" Nikasema Arcade hajaandika. Akauliza tena, "Kuna siku walikaa nyumba moja?" Nikasema hilo pia hajaandika. Sasa nakuuliza. Hao waliotukanana kwa karatasi, kuna siku mmoja alitembea mpaka kwa mwenzake akakaa?

Nimeona umeruka habari ya waya. Uliruka kama mbuzi anavyoruka mtaro, miguu yote minne.

Sasa nikuambie kituko. Jumapili ya tarehe kumi na mbili tumekaa kimya. Mlango uko wazi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya Marsela. Akaja Ng'washi, yule mama wa Kisukuma anayeleta maziwa, wale waliohamia na ng'ombe zao upande wa Kasekese. Akatusalimu pale mlangoni kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Hakuna aliyejibu, si tumekaa kimya? Akatutazama mmoja mmoja. Akashusha kibuyu cha maziwa, akafunga vizuri khanga yake, akakaa. Alikaa wapi? Kwenye kigoda.

Arcade, miaka ishirini na mmoja hakuna makalio yaliyogusa kigoda kile! Marsela akafungua jicho moja. Nilitaka kusema "Toka!" lakini kusema ningesemaje, na sisi tumekaa kimya? Tukanaswa na utaratibu wetu wenyewe. Naye ametulia, kichwa kimeinama, mikono juu ya kibuyu. Na nyumba haikuanguka. Nikaona ule ukungu tena, lakini safari hii ulikuwa na harufu ya maziwa.

Tulipopeana mikono kumaliza, Ng'washi akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Poleni sana, mama. Nani amefariki?"

Alidhani ni msiba!

Wenzangu wakacheka mpaka Marsela akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilimjibu, na yeye akaniuliza swali lingine. Nilichomjibu si chako bado, na alichoniuliza sijakimeza.

Usinitumie tena habari za Uingereza. Nitumie yako.
Bibi yako


Tabora
30 Aprili 1995

Nyogokuru,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Afya ni njema. Mvua huku zimekatika, maembe hakuna, habari zimeisha.

Ni mimi. Niliandika, nikakata stensili mwenyewe, nikazungusha nakala mia mbili. Karatasi za pinki ndizo zilizokuwa zimebaki.

Uliniambia niseme yangu. Mwezi wa tisa mwaka jana nilipangiwa kuhubiri mbele ya darasa. Nilisimama, Biblia mkononi, na maneno yakaondoka yote kama ndege juu ya shamba. Nikafanya nilivyozoea kwetu. Nilikaa chini nikangoja. Nilingoja yaje. Mwalimu akangoja, darasa likangoja, halafu mmoja nyuma akasema, "Huyo ni wa wale mabubu wa Katumba," na darasa zima likacheka. Mpaka leo wananiita Bubu. Jioni ile nikakaa kwenye taipureta. Nilitaka wajue kwamba mimi si wenu. Niliandika kwa haraka, na kila neno lilikuja, Nyogokuru, hakuna hata moja lililokwama. Hilo ndilo linaloniogopesha. Sijawahi kuandika vizuri namna ile.

Telesphor alikipata kwa mwanafunzi mmoja. Sikumtumia mimi. Lakini hilo si utetezi.

Nimeambatanisha karatasi niliyoitia sahihi: kwamba mimi Arcade ndiye Mpenda Kweli, kwamba nayafuta maneno yangu, na kwamba kigoda si mzimu. Baba mdogo Ponsian aisome mbele ya kamati tarehe 27. Mimi siwezi kuja, mitihani inaanza wiki hiyo. Pia ukitaka, niandikie jibu lako nami nitalichapa, nakala mia mbili, karatasi nyeupe nzuri. Tuliite Jibu la Bibi.

Nimetafuta kitabuni kama kuna siku mmoja alitembea akakaa kwa mwenzake. Walikutana mara nyingine kubishana mbele ya watu, kila mmoja na wafuasi wake. Lakini kukaa tu, sijaona. Pengine ilitokea, na kwa kuwa hawakusema kitu, hakuna aliyeandika.

Bado sijui kigoda ni cha nani. Niliandika kwamba si mzimu bila kujua ni nini.

Arcade


Katumba
30 Mei 1995

Mjukuu wangu, mume wangu,

Salamu nyingi. Leo nazitanguliza maana leo zinastahili. Sote wazima. Mahindi tumevuna magunia kumi na mawili, mengine yalikuwa na wadudu. Prisila ametoa jino. Marsela amepoteza moja siku hiyohiyo, anasema amemwazima.

Nakuandikia ya kamati, usome polepole.

Karatasi yako yenye sahihi Ponsian hakuisoma. Nilimnyang'anya. Ni karatasi nzuri, nimeifunikia mtungi wa maji. Usinune. Karatasi ndiyo iliyokutoa nyumbani, Arcade, haiwezi kuwa hiyohiyo inayokurudisha. Na jibu la kuchapa sitaki. Nikiandika Jibu la Bibi, Telesphor ataandika Jibu la Jibu, na mimi sina miaka mia tatu.

Tulifika kanisani kumi na watatu, na Ng'washi wa kumi na nne. Hakuna aliyemwita. Alisema msiba haukimbiwi. Kigoda alikibeba yeye kichwani, juu yake kibuyu. Wajumbe saba wamekaa mezani, kanisa limejaa mpaka madirishani. Telesphor akawasha spika, akasoma kijitabu chako chote. Unaandika vizuri, mbwa wewe. Nilitamani kupiga makofi na kukupiga wewe. Alipofika "kwa nini hawamwiti" akasimama, akanielekezea spika, akasema, "Bibi Vénérande, kamati inauliza. Kigoda hiki ni cha nani?"

Watu walidhani nitakaa kimya. Nilisimama. Niliyoyasema pale nakuandikia, kwa sababu wewe ulikuwepo ingawa hukumbuki.

Mwaka wa sabini na mbili tulikimbia mauaji ya Burundi. Tulifika kwenye matete ya mto Malagarasi, watu thelathini na kitu, Marafiki wa kanisa letu la kule. Ng'ambo ilikuwa Tanzania. Nyuma yetu ukingoni walikuwa wenye bunduki, wanasikiliza. Tukaketi ndani ya matete, maji kiunoni, siku mbili. Mtu akikohoa tumekufa wote. Hatukuomba kwa sauti, hatukuimba. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi minne. Sogokuru wako Yohani, mume wangu, alikuwa ameketi mkono wangu wa kushoto, juu ya kisiki, kwa sababu paja lake lilikuwa na jeraha. Mimi hapa, yeye pale, bega lake linagusa langu.

Alfajiri ya siku ya tatu ulishuka ukungu. Mweupe, Arcade, mnene kama maziwa. Hakuna aliyesema twendeni. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Tulisimama wote, mara moja, kama pumzi ya mtu mmoja. Miaka yote nimekaa nyumba ya nyasi kuisubiri tena pumzi ile. Tukaanza kuingia kwenye maji ya kina. Nilikuwa nimemshika mama yako. Nilipogeuka kushoto, bega halipo. Yohani hakusimama. Nilimwona bado ameketi kwenye kisiki, uso umeinuka kama anasikiliza kitu kizuri. Sijui kama alikuwa amekufa. Sijui kama alikuwa anaomba. Sijui kama hakuona tumesimama. Ukungu ukamfunika.

Na mimi sikumwita.

Jina moja tu. Ningeliita, angesikia, na wale ukingoni wangesikia. Nililimeza. Tukavuka. Tulipofika ng'ambo bado nilikuwa nalo mdomoni, na nimekaa nalo miaka ishirini na mitatu. Tulipojenga nyumba ya nyasi nilimpa fundi kuku wawili akanichongea kigoda, nikakiweka kushoto kwangu. Siyo mzimu. Ni mahali pa mtu ambaye sikumwita. Wenzangu walijua, ndiyo maana hawakukikalia. Watoto hatukuwaambia. Tulisema ni utaratibu wa Marafiki. Tulidanganya, na wewe ukaandika juu ya uongo wetu. Kwa hiyo kosa tuligawane, lakini fungu kubwa ni lako.

Ng'washi siku ile aliponiuliza nani amefariki, nilisema mume wangu. Ndiyo mara ya kwanza nilisema amefariki. Akauliza lini. Nikamwambia. Akanishangaa akasema, "Miaka yote hiyo, mama, na bado hamjaanua tanga?"

Basi pale mbele ya kamati nikamwambia Telesphor, "Zima hicho kitu chako." Akazima. Nikageuka kushoto. Nikaita, "Yohani!" Kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Mara ya pili ikawa kubwa zaidi. "Yohani!" Mabati yakalia. Njiwa wakaruka juu ya paa.

Kisha nikakaa. Na kanisa lote, Arcade, kwaya, vijana, wajumbe saba, walikaa kimya. Hakuna aliyewaambia. Telesphor alishika spika imezimwa kama mtoto aliyeokota kitu hajui ni cha nani. Yeye naye alivuka mwaka ule, akiwa na miaka saba, sehemu nyingine ya mto. Hajawahi kusema, na hakusema. Sijui tulikaa muda gani. Chai ya wajumbe ilishika utando.

Mwishowe akasimama. Usidhani aliomba msamaha, Telesphor ni Telesphor. Alisema, "Kamati haiwezi kuamua. Tumemsikia bibi, hatujamsikia mwandishi. Aje mwenyewe aseme kwa nini aliandika. Asipokuja Jumamosi, 24 Juni, kamati itachukua kwamba kijitabu kinasimama, na majina yatafutwa." Nikamwambia hilo ni neno la kwanza la akili kutoka kwako tangu ununue spika.

Wajumbe hawajui mwandishi ni nani. Mimi sikusema. Ni juu yako kutaja jina hilo.

Sasa sikiliza. Kabla ya kibali chako kuisha panda treni. Mitihani itakuwa imekwisha, usinitafutie nyingine. Njoo na kijitabu kimoja, vingine choma. Jumamosi hiyo usimame mbele ya kamati, ukisome kwa mdomo wako mwenyewe kuanzia Onyo mpaka nukta ya mwisho, bila spika. Kisha sema jina lako. Waambie walivyokucheka darasani, kama ulivyoniambia mimi. Maneno yakiondoka, kaa chini uyangoje. Hapa hakuna atakayekuita Bubu, nitakuwa nimekaa mstari wa mbele na fimbo.

Jumapili uje nyumba ya nyasi. Usibishe hodi. Kigoda kipo kushoto kwangu, Ng'washi amekipasha moto.

Bibi yako,
Vénérande

N.B. Njoo na koleo. Waya wa mguu umelegea. Ukaze kwanza, halafu ukae.